Giuseppe Meazza, mtu aliye nyuma ya jina la uwanja wa Milan

Anayefuatilia soka la Italia huzoea mapema jambo moja linalotatanisha: uwanja mmoja wa jiji la Milan una majina mawili. Wiki hii mtangazaji atasema mechi inapigwa San Siro, wiki ijayo atasema inapigwa Giuseppe Meazza, na nyasi ni zilezile. San Siro ni jina la eneo uwanja ulipojengwa. Giuseppe Meazza ni jina la mchezaji, na ndilo jina rasmi tangu Machi 1980. Mwaka 2010, McDonald Mariga wa Kenya alipojiunga na Inter, klabu mojawapo ya Milan, wengi wetu katika Afrika Mashariki tulikuwa tukilisikia jina hilo kila mara, bila kuelezwa lilikuwa la nani.

Jibu fupi, kwamba Meazza alikuwa mfungaji mkubwa wa Inter na bingwa wa dunia mara mbili, ni la kweli, lakini linaficha mengi. Uwanja ule ulijengwa kwa fedha za Piero Pirelli, rais wa AC Milan, ukafunguliwa Septemba 1926, na kwa miaka yote ya ubora wa Meazza ulikuwa nyumba ya hao AC Milan, watani wa jadi wa Inter. Inter ilichezea kwanza kiwanja cha via Goldoni, kisha kuanzia 1930 ikahamia Arena Civica, uwanja mkongwe wa mawe uliojengwa enzi za Napoleon. Ilihamia San Siro mwaka 1947, na mwaka huo huo ndipo Meazza alipotundika daluga. Hivyo basi, uwanja wenye jina lake haukuwa nyumba ya klabu yake katika miaka aliyovaa jezi ya bluu na nyeusi. Kuelewa jinsi jina lake lilivyofika pale ni kuelewa karibu historia nzima ya soka la Italia kabla ya Vita Kuu ya Pili, pamoja na yale ambayo historia hiyo ilitaka yasahaulike.

Meazza alizaliwa Milan tarehe 23 Agosti 1910, katika mitaa ya Porta Vittoria, na alikuwa na umri wa miaka saba baba yake alipouawa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mama yake, Ersilia, alimlea kwa kuuza matunda na mboga sokoni. Mtoto alicheza peku, kwa mpira wa matambara uliofungwa kamba, ule ambao huku kwetu mtoto yeyote wa uswahilini angeutambua bila kuelezwa. Alipokuwa na miaka kama kumi na minne alijaribu bahati AC Milan, wakamrudisha kwa sababu mwili wake ulikuwa mwembamba mno. Inter wakamchukua.

Tarehe 12 Septemba 1927, akiwa na miaka kumi na saba, alipangwa kwa mara ya kwanza kikosi cha wakubwa, katika mashindano ya Coppa Volta mjini Como, dhidi ya Milanese, klabu nyingine ya Milan. Leopoldo Conti, mchezaji mwandamizi, alipolisikia jina la kijana huyo katika orodha, aliuliza kwa kejeli kama sasa klabu inachukua hata watoto wa Balilla. Opera Nazionale Balilla ilikuwa jumuiya ya watoto iliyoanzishwa na serikali ya kifashisti mwaka 1926, ambayo watoto wa Italia waliingizwa kwa sare, gwaride na nyimbo. Kijana alifunga mabao mawili siku hiyo, Inter ikashinda 6-2, na jina la utani likamganda maisha yote: il Balilla.

Msomaji wa leo akikutana na jina hilo vitabuni anaweza kudhani lilikuwa tamko la itikadi. Lilikuwa utani wa kuhusu umri, lakini utani huo uliazima neno lake kutoka kwa utawala, na hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa katika Italia ya wakati ule, kwamba hata mzaha wa chumba cha kubadilishia nguo ulipitia msamiati wa dola. Klabu yenyewe haikunusurika. Mwaka 1928 iliunganishwa na hiyo hiyo Milanese na kulazimishwa kuacha jina la Internazionale, kwa kuwa neno lenye maana ya kimataifa halikuwapendeza watawala, ikaitwa Ambrosiana, kutokana na Mtakatifu Ambrosi, msimamizi wa jiji. Baadaye likaruhusiwa jina la Ambrosiana-Inter, na lile la asili likarudi mwaka 1945 tu. Kwa hiyo anayetafuta Meazza katika majedwali ya zamani chini ya Inter na kukuta pengo, hajakosea, atafute Ambrosiana.

Aliyempa nafasi kijana huyo alikuwa kocha wa Kihungari, Árpád Weisz, na hapa naomba msomaji anivumilie nikae kidogo, kwa sababu bila Weisz sidhani kama tungekuwa na Meazza tunayemzungumzia. Weisz alikuwa winga wa zamani aliyeichezea Hungaria, mtu wa kusoma na kuandika. Mwaka 1930 alitoa pamoja na Aldo Molinari kitabu cha mafunzo ya soka chenye dibaji ya Vittorio Pozzo, kocha wa timu ya taifa. Fulvio Bernardini, kiungo aliyekuwa na sauti klabuni, alimshawishi amtazame kijana mmoja wa kikosi cha vijana. Weisz alimtazama, akaona kipaji chenye kasoro moja: mguu wa kushoto ulikuwa hauna kazi. Akampeleka ukutani. Kijana alipiga mpira ukutani, ukarudi, akaupokea na kuupiga tena, kulia, kushoto, kulia, kushoto, saa baada ya saa, wenzake wakiwa wameshaondoka. Kazi hiyo haikuwa na shangwe wala mtazamaji. Miaka michache baadaye mabeki wa Italia walikuwa hawajui wamfungie Meazza upande upi, kwa kuwa pande zote zilikuwa zake.

Msimu wa 1929-30 ndio wa kwanza wa Serie A kama tunavyoijua, yaani ligi moja ya nchi nzima ambamo kila timu hukutana na kila timu. Ambrosiana ya Weisz iliutwaa ubingwa, na Meazza, ambaye hakuwa amefikisha miaka ishirini, alikuwa mfungaji bora kwa mabao 31. Weisz alikuwa na miaka 34. Takwimu za Meazza hutatanisha hapa pia, kwa sababu orodha maarufu huhesabu Serie A pekee, na humo ana mabao 216, ilhali misimu yake miwili ya mwanzo ilichezwa kabla Serie A haijazaliwa. Hesabu ya Inter kwa mashindano yote ni mabao 284 katika mechi 408, na hadi leo hakuna mchezaji wa klabu hiyo aliyemkaribia; wa pili, Alessandro Altobelli, ana 209. Aliibuka tena mfungaji bora wa ligi mwaka 1936 na 1938, na mwaka huo wa mwisho akachukua ubingwa wa pili.

Namba hizo, hata hivyo, hazituambii alivyocheza, na picha za filamu zilizobaki ni chache na fupi. Walioandika baada ya kumwona wanarudia bao la aina moja ambalo Waitaliano walilipa jina lake, gol a invito, yaani bao la kualika. Meazza aliuchukua mpira akiwa mbali kidogo na lango, akawapita mabeki kwa chenga, kisha alipofika mbele ya kipa alipunguza mwendo, karibu kusimama kabisa, mpira ukiwa mguuni kana kwamba amesahau la kufanya. Kipa alipoona hivyo alitoka na kujirusha miguuni pake. Hapo ndipo alipokuwa akisubiriwa. Meazza aliusogeza mpira pembeni hatua moja, akampita kipa aliye chini, akausukuma wavuni taratibu kama anayefunga mlango wa nyumba yake. Hakuwa mrefu, lakini kwa kichwa alifunga mabao ambayo warefu waliyakosa. Nywele zake, zilizochanwa nyuma na kung'arishwa kwa mafuta, zilikuwa maarufu kiasi kwamba vijana wa Milan waliziiga.

Timu ya taifa ilimwita akiwa na miaka 19. Tarehe 9 Februari 1930 mjini Roma aliifunga Uswisi mabao mawili katika ushindi wa 4-2, na miezi mitatu baadaye, Mei 11, akafunga matatu Budapest, Italia ilipoichapa Hungaria 5-0 na kutwaa Kombe la Kimataifa la Ulaya ya Kati. Hungaria ya wakati ule ilikuwa mwalimu wa soka wa bara zima. Waitaliano waliajiri makocha wake kama sisi tunavyoajiri makocha wa kigeni leo. Kumpiga mwalimu mabao matano nyumbani kwake lilikuwa jambo zito.

Kisha Pozzo akafanya uamuzi ambao, kwa maoni yangu, ndio kiini cha ukubwa wa Meazza. Mfumo wa Italia ulikuwa na mabeki wawili nyuma, viungo watatu mbele yao, washambuliaji wawili wa ndani waliorudi nyuma kidogo kuchukua mipira, na mbele kabisa mawinga wawili na mshambuliaji wa kati. Meazza alikuwa mshambuliaji wa kati, mfungaji aliyeogopwa kuliko wote nchini. Pozzo alimtoa hapo na kumrudisha ndani, nafasi ambayo Waitaliano huiita mezzala, ili katikati asimame Angelo Schiavio wa Bologna mwaka 1934 na baadaye Silvio Piola wa Lazio mwaka 1938. Yaani mtu mwenye mabao kuliko wenzake aliambiwa awe mpishi wa wengine. Hakususa. Alicheza miaka yake iliyobaki ya timu ya taifa akigawa mipira ambayo zamani angeimaliza mwenyewe, na bado alimaliza na mabao 33 katika mechi 53, rekodi ambayo ilidumu hadi miaka ya 1970, Gigi Riva alipoipita kwa kufikisha 35.

Kombe la Dunia la 1934 lilichezwa Italia, na Benito Mussolini, mtawala wa kifashisti, alilitaka kwa sababu zake. Ndiyo maana mara nyingi huulizwa kama ubingwa ule ulikuwa wa wachezaji au wa utawala, na swali hilo ni la haki. Robo fainali dhidi ya Hispania mjini Firenze iliisha 1-1 katika mchezo wa rafu, ikarudiwa kesho yake, kipa mashuhuri wa Hispania, Ricardo Zamora, hakuweza kucheza, na Meazza akafunga kwa kichwa bao pekee. Mwamuzi wa marudiano hayo, René Mercet wa Uswisi, alikuja kusimamishwa na shirikisho la nchi yake kwa jinsi alivyochezesha. Hayo hayafichiki. Pamoja na hayo, Italia ilicheza mechi tatu ngumu ndani ya siku nne, ya tatu ikiwa nusu fainali dhidi ya Austria ya Matthias Sindelar, iliyochezwa San Siro na kuisha 1-0. Katika fainali ya Juni 10 mjini Roma, Chekoslovakia ilitangulia kufunga zikiwa zimebaki chini ya dakika ishirini. Raimundo Orsi akasawazisha, na katika muda wa nyongeza Meazza, aliyekuwa akichechemea pembeni kulia hadi wapinzani wakaacha kumkaba, alipata mpira na kuupenyeza ndani kwa Enrique Guaita, naye akampa Schiavio aliyefunga la pili. Utawala uliweza kuandaa uwanja, maofisa na shangwe. Pasi ya mtu anayechechemea haikuandaliwa na ofisi yoyote.

Kama kuna anayebaki na shaka, atazame mechi ambayo Italia ilipoteza. Uingereza haikushiriki Kombe la Dunia, kwani vyama vya Uingereza vilikuwa vimejitoa FIFA mwaka 1928, na wengi waliamini kwamba bingwa wa kweli amekaa London akisubiri. Tarehe 14 Novemba 1934 Italia ilikwenda Highbury, uwanja wa Arsenal wa wakati ule, ikakutana na kikosi cha Uingereza chenye wachezaji saba wa Arsenal. Kipa Carlo Ceresoli aliokoa penalti ya Eric Brook dakika za mwanzo, lakini Luis Monti wa Italia alivunjika mguu, na kwa kuwa kubadilisha wachezaji hakukuruhusiwa, Italia ilibaki na watu kumi. Ndani ya dakika kumi na mbili ilikuwa 3-0. Wengi wangekubali yaishe. Kipindi cha pili Meazza alifunga la kwanza, akafunga la pili ndani ya muda mfupi, kisha akagonga mtambaa wa panya. Iliisha 3-2. Nicolò Carosio alikuwa akiitangaza redioni, na Waitaliano waliokuwa wamekusanyika kuisikiliza waliwapa wachezaji wale jina la simba wa Highbury. Ni kushindwa kulikomjengea Meazza heshima Uingereza kuliko ushindi wowote alioupata nyumbani.

Mwaka 1938, Ufaransa, alikuwa nahodha. Katika robo fainali dhidi ya wenyeji, timu zote mbili zikiwa na jezi za bluu, Italia iliamriwa ivae nyeusi, rangi ya mashati ya chama cha kifashisti, mbele ya umati wa Paris uliokuwa na Waitaliano wengi waliokimbia utawala huo. Zomea-zomea ya siku ile iliwalenga wachezaji kwa nguo walizovishwa. Meazza hakuwa mwanasiasa, na sijaona sababu ya kumgeuza kuwa shujaa wa upinzani wala mtumishi wa itikadi. Alivaa jezi aliyopewa na akapiga saluti iliyotakiwa, kama wenzake wote.

Nusu fainali ilichezwa Marseille dhidi ya Brazil, ambayo ilimkosa mshambuliaji wake nyota, Leônidas. Italia ikiwa mbele 1-0 ilipata penalti dakika ya 60. Meazza alipokwenda kuipiga, mpira wa kiuno wa bukta yake ulikuwa umekatika. Angeweza kuomba bukta nyingine, lakini aliishika kwa mkono mmoja kiunoni isimvuke, akakimbia hatua zake, na akiwa bado ameishika akamtazama kipa Walter na kuupeleka mpira wavuni. Wenzake walimzunguka, kwa furaha na kwa kumsitiri, hadi bukta nyingine ilipoletwa. Brazil ilipata moja mwishoni, lakini Italia ikaenda fainali na kuifunga Hungaria 4-2 tarehe 19 Juni, Piola mawili, Gino Colaussi mawili, mipira mingi ikipitia kwa nahodha ambaye hakufunga. Ni watu wawili tu waliocheza fainali zote mbili, ya 1934 na ya 1938: Meazza na Giovanni Ferrari.

Miezi mitatu baada ya kombe hilo, Septemba 1938, serikali ileile ilitangaza sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi, na Wayahudi wa kigeni waliohamia baada ya 1919 wakaamriwa kuondoka. Árpád Weisz alikuwa Myahudi. Wakati huo alikuwa Bologna, ambayo ameipa ubingwa mwaka 1936 na 1937. Aliondoka Italia mwanzoni mwa 1939 na mkewe na watoto wawili, Roberto na Clara, wakapita Paris, kisha akapata kazi katika klabu ndogo ya Dordrecht nchini Uholanzi, ambako alifundisha hadi Wajerumani walipomkataza. Mwaka 1942 familia ilikamatwa. Mama na watoto waliuawa Auschwitz, kambi ya maangamizi ya Wanazi, Oktoba mwaka huo. Weisz alifia hapo hapo tarehe 31 Januari 1944. Kwa miongo mingi soka la Italia lilimsahau karibu kabisa, hadi mwanzoni mwa karne hii kazi ya mwandishi Matteo Marani ilipofukua habari zake.

Mguu wa Meazza nao ulianza kumsaliti wakati huo. Mishipa ya damu ya mguu wa kushoto ilibana, ukawa baridi na bila hisia, hali iliyoitwa magazetini mguu wa barafu. Alipasuliwa, akakaa nje zaidi ya mwaka mmoja. Aliporudi, mwishoni mwa 1940, alirudi kwa wale waliomkataa utotoni: AC Milan. Februari 1941, katika dabi iliyoisha 2-2, aliifunga Inter. Akapita Juventus na Varese katika miaka ya vita, kisha Atalanta, na mwaka 1946 akaitwa nyumbani akiwa mchezaji na kocha, Inter ikiwa katika hatari ya kushuka daraja. Alifunga mawili msimu huo, timu ikabaki, naye akaacha kucheza.

Ukocha wake wa timu kubwa, ukiwemo muda mfupi Beşiktaş nchini Uturuki na mwaka mmoja katika benchi la timu ya taifa, haukuacha alama kubwa. Alama aliiacha kwa vijana wa Inter. Miongoni mwao alikuwa Sandro Mazzola, ambaye baba yake, Valentino, nahodha wa Torino, alikufa katika ajali ya ndege ya Superga tarehe 4 Mei 1949, mtoto akiwa na miaka sita. Meazza, aliyempoteza baba akiwa na miaka saba, alimfundisha kijana huyo mambo ya msingi, naye Mazzola akaja kuwa mshambuliaji wa Inter iliyotwaa Kombe la Ulaya mwaka 1964 na 1965.

Meazza alifariki tarehe 21 Agosti 1979, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 69. Miezi saba haijapita, jiji la Milan, ambalo lilikuwa limeununua uwanja kutoka AC Milan tangu 1935, likaupa jina lake, na kwa kuwa alizichezea klabu zote mbili hakuna upande uliokuwa na sababu ya kupinga, ingawa mashabiki wengi wa AC Milan wanaendelea kusema San Siro. Ndani ya uwanja huo limewekwa pia bamba la kumbukumbu la Árpád Weisz. Mwaka 2025 baraza la jiji lilipitisha uamuzi wa kuziuzia klabu hizo mbili uwanja na ardhi yake, ambako zinakusudia kujenga mwingine mpya na kubomoa sehemu kubwa ya ule wa zamani.